Sifa, Gadi Hakwenda Kukutafuta

Sifa mwanangu mpendwa,

Najua utaisoma barua hii polepole. Kiswahili unakisikia vizuri, unakijibu kwa Kiingereza, na kukisoma kunakuchosha. Vumilia. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie kwa Kiingereza, lakini kwa Kiingereza wewe ni hakimu na mimi ni mshtakiwa asiye na mkalimani. Desemba iliyopita tuligombana kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilishindwa kwa kukosa maneno. Hapo nilikuwa naendeleza ujanja wangu. Nilishindwa kwa sababu nilikuwa na makosa.

Barua hii ni ya wazi. Katibu wa kanisa letu hapa Yeoville amekubali kuiweka katika jarida letu la mwezi, na nakala moja mama yako atakutumia Durban kwa mama mdogo. Mama yako aliniuliza kwa nini nisikuandikie wewe peke yako, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Nikamjibu kwamba uongo niliusema mbele ya watu, katika ukumbi uliojaa, kwa sauti ya mwalimu ambayo unajua inafika mpaka dawati la nyuma. Ukweli nao haufai kupitishwa mlango wa uani. Mama yako akanitazama, akasema, "Sawa, mwalimu." Akinikasirikia ndipo huniita mwalimu.

Acha nianze mbali kidogo, kwani mwalimu wa historia hajui kuanza karibu.

Unakumbuka chumba chetu kule mashariki ya jiji, katika ua wa yule bibi mwenye nyumba ambaye sote tulimwita Gogo? Vyumba sita vya nyuma, bomba moja la maji, na geti la chuma ambalo Anselmo, jirani yetu wa Msumbiji, alilichomelea kwa mikono yake. Ulikuwa na miaka tisa au kumi. Nilikuwa nimeshaacha kuitwa mwalimu. Kwetu Uvira niliwafundisha vijana historia kwa chaki na sauti. Johannesburg nikapewa sare ya kahawia, kirungu, filimbi na kiti cha plastiki kwenye geti la estate moja ya Midrand, mtaa wa matajiri uliozungushiwa ukuta. Nilikuwa naandika majina ya wageni katika kitabu na kuinua kizuizi. Kazi halali, siidharau. Lakini Jumapili asubuhi, nikipiga kiwi viatu vya zamu, somo lilikuwa linanitoka lenyewe, na mwanafunzi niliyebaki naye ulikuwa wewe.

Nilikusimulia mengi, lakini wewe ulikuwa unadai moja tu: vita vya Waterloo. Nadhani ulikuwa unapenda jina. Nilikwambia habari za yule Kaizari wa Wafaransa aliyezipiga nchi za Ulaya moja baada ya nyingine, na jinsi alivyokuwa na kikosi chake cha mwisho, askari waliochaguliwa mmoja mmoja, warefu, wenye kofia za manyoya. Hao hakuwatuma ovyo. Aliwaweka nyuma mpaka saa ya shida, na kila walipotokea, adui alijua mambo yamekwisha. Wafaransa waliwaita kwa jina ambalo Kiswahili nacho kinalo, nikakwambia hivyo hivyo: Gadi ya Kaizari.

Ukaacha kula mkate. Ukaitazama sare yangu iliyoning'inia msumarini, ukaniuliza, "Papa, ile Gadi ilikuwa inalinda estate gani?"

Nilicheka mpaka kiwi ikaniruka shatini. Kwako wewe gadi alikuwa mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa anakaa getini Midrand. Ukaendelea kuuliza. Walikuwa na kitabu cha wageni? Kaizari alikuwa anawapa likizo ya Krismasi? Nikajibu ndiyo, ndiyo, tena walikuwa na redio za kuitana. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, Sifa. Mtoto amekosea neno, na mwalimu amelipenda kosa kwa sababu linamfanya awe mkubwa. Nilipaswa kukuambia siku ile ile kwamba yale ni mambo mawili. Wale walikuwa wanajeshi, na baba yako ni bawabu. Sikusema. Ukatoka nje, ukawatangazia watoto wote wa ua kwamba Papa wako ni wa Gadi ya Kaizari, na kuanzia wiki ile hata watu wazima wakaanza kuniita Gadi. "Gadi, habari za kazi?" "Gadi, njoo utuamulie." Gogo mwenyewe, ambaye Kiswahili hajui, alikuwa ananiita Gadi. Nami nikawa natembea kifua mbele kidogo.

Halafu ukaja mwezi wa Mei 2008.

Sina haja ya kukueleza yaliyokuwa yanatokea. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na redio ilikuwa inasema. Wageni kama sisi walikuwa wanafukuzwa majumbani kwa sababu ya lafudhi. Vurugu ilikuwa bado haijafika mtaa wetu, lakini tuliisikia inakuja, mtaa baada ya mtaa. Jumamosi wanaume wa ua tukakutana bombani, sisi sita. Mmoja akasema tuondoke sasa hivi. Anselmo akasema geti lake halivunjiki kwa mateke ya watu wenye njaa. Wakabishana, kisha wakanigeukia mimi. Anselmo, Kiswahili chake cha Cabo Delgado unakijua kilivyo cha polepole, akasema, "Gadi akisimama, sote tunasimama." Wenzake wakaitikia. Nikasema, "Nitasimama." Unajua nilijisikiaje? Nilifurahi. Watu wanakaribia kuchomewa nyumba, mimi nafurahi kwa sababu nimeitwa jina.

Jumapili mchana mama yako alitoka kukufuata kwenye mazoezi ya kwaya, nami nikavaa sare kamili. Hukuniona nilivyokuwa. Viatu vinang'aa, kirungu kiunoni, filimbi shingoni. Wenzangu wanne walikaa nyuma yangu na fito, na Anselmo akawa ubavuni kwangu na nyundo. Gogo alileta kiti chake akakaa karibu na geti, kitenge cha mama yako mabegani, kwa sababu kulikuwa na baridi.

Kama saa kumi na moja jioni walikuja. Kwanza tulisikia nyimbo, kisha tukawaona wanajaza barabara yote. Nilimtambua mmoja, kijana aliyekuwa anatuuzia magwinya, yale maandazi ya huku, asubuhi, na yeye alinitambua, akaangalia pembeni. Hakuwa na uso wa mnyama, Sifa. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika mahali ambapo hakupanga kufika. Jiwe la kwanza lilipiga geti. La pili likapita juu likaangukia bati. Watu wakaanza kulitikisa lile geti, na kweli, Anselmo alisema kweli, halikuvunjika.

Halikuvunjika, nami nikageuka nikakimbia.

Nilipita katikati ya wenzangu. Nikaingia kichochoro cha nyuma, pale kwenye kamba za nguo, nikaruka ukuta. Nilisikia nyuma yangu mwanamke wa chumba cha tatu akipiga kelele, "Gadi anakimbia! Gadi anakimbia!" Sikugeuka.

Jioni ile nikawakuta wewe na mama yako kituo cha polisi, alikokukimbizia kutoka kwaya, na kutoka pale tukapelekwa kwenye ukumbi wa kanisa. Tulikuwa wengi, magodoro ukuta hadi ukuta. Wanaume wa ua wetu waliingia mmoja mmoja. Anselmo hakuingia, tukaambiwa yuko hospitali, mguu umevunjika. Ndipo mmoja wao akasimama mbele yangu, watu wote wakiona, akauliza, "Gadi, ulienda wapi?"

Nikasema, "Nilikwenda kumtafuta Sifa. Nilikuwa sijui mtoto wangu yuko wapi."

Ukumbi wote ukalainika. Akina mama wakasema, "Maskini." Mzee mmoja akasema baba ni baba. Mwingine, ili kunifariji, akaleta methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Yule aliyeniuliza akainamisha kichwa akaniomba msamaha. Na wewe, uliyekuwa umekaa miguuni pangu na kikombe cha chai, ukaushika mkono wangu kwa mikono yako miwili. Uliamini kwamba kwa saa moja ya maisha yako ulikuwa umepotea, na baba yako akaacha kila kitu akakufuata. Nilikuacha uamini.

Tukahamia Yeoville. Tulianza tena na masufuria mawili. Mama yako akapata kiti katika saluni ya mtaa wa Rockey, mimi nikabaki Midrand. Kiswahili kikawa kinakuponyoka, Kiingereza na Kizulu vikaingia. Lakini hadithi ile haikukutoka. Kila tulipopata wageni, akitajwa mtu yeyote aliyekimbia mwaka ule, wewe ulikuwa wa kwanza kusema: "Papa wangu alikimbia kunitafuta mimi." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaitengeneza kila mwaka.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi ya 2012, kwa sababu hiyo ndiyo inayonirudia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha geti.

Ulikuwa Grade 10. Uliingia mchana, ukatupa begi, ukasema, "Papa, eish, hutaamini. Tumepewa Waterloo." Mwalimu wenu alitaka mweleze kwa nini Wafaransa walishindwa. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, macho mekundu, lakini nani angelala? Nilimwomba mama yako vifaa vyake. Tukaondoa sahani mezani. Roli nyekundu za nywele zikawa Waingereza, juu ya kilima cha Biblia iliyofunikwa kitambaa. Roli za bluu zikawa Wafaransa. Vibanio vikawa farasi. Na vile vichanuo vyeusi vya mkia, vile virefu ambavyo mama yako hataki viguswe, vikawa Gadi.

Nilikufundisha vizuri siku ile, lazima nijisifu kidogo. Nilikuonyesha mvua ya usiku uliotangulia, jinsi matope yalivyomfanya Kaizari asubiri hadi karibu na mchana kabla ya kuanza, na saa zile alizozipoteza hakuzipata tena. Nilikuonyesha lile shamba lenye kuta na geti, ambalo Wafaransa waliligombania siku nzima wasiliteke. Nikakuonyesha Waprusi, washirika wa Waingereza, wanaingia kutoka mashariki alasiri. Hao tuliwafanya kwa njugu. Mama yako alikuwa anakula Waprusi tukisimulia, mpaka ukamfokea.

"Sasa imefika jioni," nikasema. "Kaizari amebaki na karata moja."

Nikavisogeza vichanuo vyeusi juu ya kilima, kimoja kimoja. Nikakueleza kwamba nyuma ya mgongo wa kilima Waingereza walikuwa wamelala kifudifudi, wasionekane, na Gadi walipokaribia wakainuka ghafla, wakafyatua. Gadi wakasita. Wakayumba. Kisha, kwa mara ya kwanza mbele ya jeshi lile, wakarudi nyuma. Na hapo nikakufundisha jambo ambalo vitabu vinalitaja kwa ufupi: siyo risasi zilizolivunja jeshi la Wafaransa jioni ile. Ni neno. Lilipita kutoka mdomo hadi mdomo, bonde zima: Gadi wanarudi nyuma. Watu waliokuwa wamesimama tangu asubuhi, waliovumilia mizinga, walipolisikia hilo wakatupa bunduki. Hawakukimbia kwa sababu ya adui. Walikimbia kwa sababu ya yule waliyekuwa wanamtegemea.

Nilisema maneno hayo kwa mdomo wangu, Sifa, nikiwa na kichanuo mkononi. Mama yako aliacha kutafuna.

Wewe ulikuwa umeegemea meza na viwiko viwili, unavitazama vichanuo. Halafu ukasema, nusu utani, lakini ulikuwa unaniangalia mimi, siyo meza: "Labda hawakukimbia, Papa. Labda walienda kutafuta watoto wao."

Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kuingia. Mama yako alikuwa pale, mchana ulikuwa pale, wewe ulikuwa na umri wa kutosha.

Nikasema, "Labda."

Ukaandika hivyo. Insha yako ninayo. Ni ya Kiingereza, nimeisoma na kamusi. Sababu zote umezieleza sawasawa, mvua, shamba, Waprusi, na mwishoni umeongeza kwamba hakuna anayejua moyo wa askari anayerudi nyuma, kwamba baba yako naye alikuwa gadi na siku moja aliacha geti kwa sababu ya mtoto wake, na kwamba historia ingekuwa na huruma zaidi kama ingeuliza watu walikuwa wanakimbilia nini, siyo wanakimbia nini. Mwalimu wako alipiga mstari pembeni kwa wino mwekundu, akakusifu. Ukanionyesha kwa furaha. Nikakupa mkono kama mkuu wa shule. Kisha nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikakaa.

Desemba iliyopita mama yako alikutuma Rosettenville kuagiza mlango wa chuma wa saluni. Fundi alikuwa Anselmo. Hukumjua kwanza, yeye ndiye aliyekujua. Alikuletea kiti, akakununulia kinywaji, mkawa mnazungumza ya zamani. Ukamwambia yale unayomwambia kila mtu, kwamba Papa alikimbia kukutafuta. Na Anselmo, ambaye hana hata tone la ubaya, akasema, "Hapana, mwanangu. Wewe ulikuwa polisi na mama yako. Alipiga simu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo."

Ni kweli. Mama yako alinipigia kama dakika ishirini kabla ya wale watu kufika. Wewe ulikuwa kwenye foleni ya chai pale kituoni. Akasema, "Sifa niko naye, tuko salama, na wewe uje." Nikakata simu, nikawatangazia wenzangu kwa sauti kubwa: "Wangu wako salama! Sasa nina kazi moja tu, kusimama." Wakanipigia makofi. Anselmo alinipiga begani.

Kwa hiyo ulirudi nyumbani ukaniuliza swali moja, kama nilijua ulikuwa wapi. Nami nikaanza: nilichanganyikiwa, kulikuwa na kelele, simu ilikuwa haisikiki. Ukasema kwa Kiingereza kwamba nimekutumia, kwamba miaka yote mitano nilijificha nyuma ya mtoto. Nikapandisha sauti. Mungu anisamehe, nikakwambia unyamaze, mimi ni baba yako. Siku tatu baadaye ulikuwa kwenye basi la Durban. Imepita miezi minane. Unamsalimia mama yako kila wiki na mimi unaniruka, nami sikulaumu.

Usimkasirikie mama yako. Alijua tangu ule ukumbi, na hakuniumbua mbele ya watu. Faragha aliniambia mara moja tu: "Siku moja utamwambia wewe." Hakurudia tena. Kunyamaza kwake kulikuwa kunanisubiri, nami nikaona ni ruhusa.

Mwezi wa sita nilikwenda Rosettenville. Nilipanda teksi mbili, na njiani kote nilikuwa nikipanga maneno, nikayasahau yote nilipoiona karakana. Anselmo alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, anachechemea kulizunguka geti kubwa lililoegemezwa kwenye matofali. Aliponiona hakushangaa. Akasema, "Gadi. Shika hapa, linayumba."

Nikashika. Akachomelea, nami nimegeuza uso kukwepa cheche. Alipomaliza upande mmoja nikasema, "Anselmo, siku ile nilikimbia kwa woga. Simu niliipokea."

"Najua. Nilikuwepo."

"Wenzetu wanasema wale watu ndio waliokuvunja mguu."

Akainua miwani. "Wale watu hawakuingia hata mmoja wakati ule. Uliporuka ukuta, sote tuligeuka. Nami niligeuka, usidhani nilikaa. Niliteleza pale kwenye kamba za nguo, watu wakanipita juu. Ni sisi wenyewe kwa wenyewe."

"Na Gogo?"

"Gogo hakutoka kwenye kiti chake. Walipolipanda geti aliwaambia, laba ngabantu bami, hawa ni watu wangu, mkitaka kupita mnikanyage. Hawakumkanyaga. Wakamzunguka, wakachukua vitu vya vyumbani, wakaondoka. Na wewe hukuwahi kuuliza haya."

Sikuwahi. Miaka sita sikuwahi kumwuliza mtu kilichotokea baada ya mgongo wangu, mimi mwalimu wa historia. Nikamwuliza kwa nini hakunisema. Akafikiri. Akasema, "Ningekusema, mguu ungenyooka? Nilikuwa nakungoja uje. Umechelewa, lakini shika na upande huu." Nikashika na upande ule. Tulimaliza geti saa tisa, tukala ugali na dagaa wa kukaanga, na wakati naondoka aliniambia kitu kimoja: "Kwangu umemaliza. Mimi nimepoteza nguvu za mguu tu. Mtoto amepoteza baba aliyekuwa naye. Huyo ndiye mwenye kesi."

Ndiyo maana naandika.

Mama mdogo akusaidie maneno yaliyo juu ukikwama. Haya yafuatayo nakuomba uyasome peke yako, nimeyaandika mepesi.

Gadi hakwenda kukutafuta. Niliogopa. Nilikuwa sijawahi kuogopa hivyo hata kule Uvira, kwa sababu Uvira hakuna aliyenitegemea nisimame. Kama ningekuwa nimekimbia nikikufikiria wewe, ningekuwa na kitu cha kukupa leo. Sina. Niliporuka ukuta sikukufikiria. Nilipovuka barabara kubwa sikukufikiria. Nilifika kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani, pale penye magari mengi, nikaona hakuna anayenifuata, nikasimama kupumua, na ndipo jina lako likanijia. Likanijia kama sababu. Nilikuwa nimeshaokoka, nikawa natafuta cha kuwaambia watu, nikakupata wewe.

Hilo ndilo jambo baya kuliko yote ninayoyajua kuhusu mimi mwenyewe, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia, hata mama yako, hata Anselmo. Sasa unalijua, na jarida likitoka kanisa zima litalijua. Jumapili hiyo nitakuwa kwenye benchi langu la kila siku.

Uliandika kwamba historia, kama ingeuliza watu wanakimbilia nini, ingekuwa na huruma. Nimelifikiria sana neno hilo, nikiinua na kushusha kizuizi. Lina akili kuliko vitabu vyangu vyote, na ulilijenga juu ya uongo wangu, na bado limesimama. Usilifute kwa sababu yangu. Wengi kweli walikimbilia watoto wao. Baba yako hakuwa mmoja wao.

Siombi unisamehe kwa barua. Msamaha wa karatasi haushibishi. Wala sikuambii urudi, maliza mitihani yako kwanza. Naomba unipigie simu. Mimi nikikupigia hupokei, na una haki. Piga saa yoyote, hata nikiwa zamu, nitamwachia mwenzangu kile kizuizi cha geti. Sema kwa Kiingereza, sema haraka, sema mambo ambayo mtoto hasemi kwa baba. Sitapandisha sauti wala sitatoa maelezo. Nitaishika simu sikioni na kukusikiliza mpaka uishiwe, na ukinyamaza nitaendelea kuishika, mpaka wewe mwenyewe ukate.

Ukae salama huko, na baharini usiende kina kirefu.

Ni mimi niliyeogopa,
Papa wako.